Unga wa Mtoto Usikaangwe Mpaka Uwe Mweusi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Najua wengine wenu mmetoka shambani sasa hivi, na mikono bado ina udongo. Kaeni karibu na redio. Yule mwenye mtoto mgongoni na akae mbele, kwa kuwa somo la leo ni la mtoto huyo hasa.

Leo nitasema nanyi juu ya moto na chakula. Labda mtauliza, "Je, Afisa Elimu anataka kutufundisha kupika?" La, sivyo. Mke wangu akisikia kwamba nimefundisha watu kupika atacheka mpaka jirani waje kuuliza kuna nini. Nataka tuulize swali moja tu. Chakula kinapokaangwa kikageuka rangi, kikawa cha dhahabu, kisha cha kahawia, kisha cheusi, ndani yake kumetokea nini? Na mwili wa mtoto unapata chakula kile chote, au sehemu yake inapita bure?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna darasa moja ambalo wanawake wake walianza kutengeneza unga wa uji wa watoto ili wauze sokoni. Walichanganya mahindi, soya na karanga kidogo. Siku moja waliniletea vifurushi viwili. Unga wa kwanza ulikuwa na rangi hafifu, kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Wa pili ulikuwa umekaangwa sana, rangi yake imekaribia kahawa, na harufu yake ilijaza chumba kizima. Nilionja uji wa kila mmoja. Kisha nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Huu wa pili ndio bora." Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja tu, mzee kuliko wote, alitikisa kichwa akasema, "Mwanangu, mahindi yakiungua hata kuku huyaacha." Nilicheka. Nikaondoka. Na tangu siku ile wakawa wanakaanga vile vile nilivyosifu mimi, na wateja wakaupenda unga kwa harufu yake.

Baadaye nilikaa na vitabu vyangu nikasoma, nikaona kwamba bibi yule alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Nilisifu harufu, nikasahau mtoto. Haya ninayowaambia leo ndiyo niliyorudi kuwaambia wale.

Mmekwisha kujifunza katika masomo yaliyopita kwamba kuna chakula cha kutia nguvu, chakula cha kulinda mwili, na chakula cha kujenga mwili. Chakula cha kujenga mwili ndicho chenye protini. Nyama, samaki, mayai, maziwa, maharage, kunde, soya na karanga vina protini nyingi. Mahindi nayo yanayo, lakini si nyingi: katika gramu 100 za mahindi makavu kuna kama gramu 9 tu.

Protini ni kitu gani? Fikirini ushanga wa shingoni. Uzi ni mrefu, na shanga zimepangwa moja baada ya nyingine. Protini imejengwa namna hiyo. Kila ushanga mmoja huitwa asidi amino, na kuna aina 20 za shanga hizi. Mwili wa mtu unaweza kujitengenezea nyingine, lakini aina 9 hauwezi. Ni lazima zitoke katika chakula. Moja katika hizo 9 inaitwa laisini. Andikeni jina hilo kwenye daftari: la-i-si-ni. Leo tutalitaja mara nyingi.

Tunapokula, mwili hauwezi kuuchukua ushanga mzima kama ulivyo. Ni lazima uukate vipande vidogo vidogo kwanza. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, ambavyo ni kama mikasi midogo ndani ya tumbo na matumbo. Mkasi mmoja mkubwa huitwa tripsini. Hutoka kwenye kongosho na kufanya kazi katika utumbo mwembamba. Mkasi huu haukati ovyo. Hutafuta ushanga wa laisini, au mwenzake mmoja aitwaye arjinini, ukakata hapo karibu yake. Mahali pengine hupapita. Kumbukeni jambo hilo, kwa kuwa ndipo shida yetu ilipo.

Laisini ina tabia moja ambayo shanga nyingi hazina. Imetoa mkono pembeni, na mwisho wa mkono ule kuna kulabu ndogo iliyo wazi. Wakati shanga zote zimeungana katika uzi, kulabu ya laisini bado inaning'inia nje, inangoja cha kushika.

Na sukari nayo ina mdomo. Katika sukari kama glukosi, na katika sukari ya maziwa iitwayo laktosi, kuna mahali ambapo kaboni na oksijeni zimefungwa pamoja kwa kamba mbili. Wanakemia huita mahali hapo kabonili. Kabonili hupenda sana kushika kulabu ya laisini. Zikiwa baridi na mbalimbali hazisumbuani. Lakini tia moto, punguza maji ili zikaribiane, ngoja kidogo: mdomo unauma kulabu, na sukari inakaa juu ya laisini kama kupe juu ya sikio la ng'ombe.

Basi sasa mkasi wa tripsini unakuja. Unatafuta laisini ili ukate. Unaikuta imefunikwa, haiitambui, unapita. Kipande kilichotakiwa kukatwa hakikukatwa. Hata laisini nyingine ikifanikiwa kuingia katika damu na sukari mgongoni, mwili hauna njia ya kuibandua sukari ile ili uitumie laisini kujenga. Nyingi huishia kutolewa katika mkojo. Na moto ukizidi mambo huwa mabaya zaidi. Ile sukari iliyoshika laisini huvunjika, ikatoa midomo mingine mipya, na midomo hiyo hushika uzi mwingine wa jirani. Nyuzi mbili zikafungana, kisha tatu, kisha kumi. Ushanga uliokuwa unalegea sasa ni fundo gumu, na mikasi haipati pa kuingilia.

Mambo haya yalielezwa mwaka 1912 na Mfaransa mmoja, Louis-Camille Maillard. Alipasha moto glukosi pamoja na asidi amino, akaona mchanganyiko unageuka kahawia. Mpaka leo tendo hilo hubeba jina lake. Ndilo linalotia rangi kwenye ganda la mkate, kwenye mahindi ya kuchoma, kwenye nyama ya mishikaki na kwenye kahawa. Harufu ile tamu inayotuita tunapopita karibu na tanuri ya mikate ni kazi yake.

Wala tendo hili halihitaji moto wa jikoni tu. Katika damu ya kila mmoja wetu sukari hushikamana na protini nyekundu ya damu, polepole, kwa joto la mwili. Ndugu mwenye kisukari anapopimwa kipimo kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kinachopimwa ni sukari iliyoshikamana hivyo. Nimelitaja hili ili msidhani ninasema habari ya kitu kigeni kilichoko Ulaya.

Sasa turudi kwenye uji wa mtoto.

Kwa nini wale akina mama walitia soya katika unga wa mahindi? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Protini ya mahindi ina upungufu mmoja mkubwa, nao ni upungufu wa laisini. Katika gramu 100 za protini ya mahindi, laisini ni kama gramu 3 hivi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika taarifa yake ya mwaka 2013, lilieleza kwamba mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3 anahitaji protini yenye gramu 5.7 za laisini katika kila gramu 100. Mahindi peke yake, basi, yanafika karibu nusu ya njia tu. Protini ya soya ina kama gramu 6. Maharage na kunde nayo yana laisini nyingi. Ndiyo sababu soya hutiwa kwenye unga: inaleta laisini ambayo mahindi hayana.

Sasa mtu akiikaanga soya mpaka iwe kama kahawa, ameharibu nini? Ameharibu kile kile alichokinunulia. Laisini ndiyo shanga inayoshikwa kwanza na moto, kuliko zote. Mama ametoa fedha yake, amebeba soya kutoka sokoni, ameichagua, ameisaga, na sehemu ya faida yake ameiacha kwenye kaango. Mtoto ananywa uji, anashiba, anafurahia harufu, lakini sehemu ya protini inapita matumboni kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba mizani haijui. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl wa Denmark alibuni njia ya kupima protini kwa kuhesabu naitrojeni iliyomo katika chakula, na njia hiyo inatumika mpaka leo. Lakini laisini iliyofunikwa bado ina naitrojeni yake. Ukipima unga hafifu na unga mweusi kwa njia ile, unaweza kupata hesabu zinazokaribiana sana. Ndiyo kusema, maandishi ya kwenye pakiti yanayosema "protini gramu kadhaa" yanaweza kuwa kweli, na mtoto asizipate zote. Mwaka 1960 mtaalamu Kenneth Carpenter alitoa njia ya kupima ile laisini ambayo kulabu yake bado iko wazi, tangu hapo wataalamu wakaweza kuona tofauti. Lakini kipimo hicho ni cha maabara. Sisi sokoni tuna macho na pua, na pua, kama mlivyosikia, ilinidanganya.

Hapa mwenyekiti wa kila kikundi na aulize: nani amepata kuacha soya bila kuipasha moto kabisa, kwa kuogopa kuiunguza? Inueni mikono.

Ninauliza kwa sababu nisingependa mtoke hapa mkasema, "Redio imekataza moto." Haikukataza. Soya mbichi ni mbaya kwa mtoto. Ndani yake mna kitu kinachouzuia ule mkasi wa tripsini usifanye kazi. Mwaka 1917 Wamarekani wawili, Osborne na Mendel, waliwalisha panya soya mbichi, nao hawakukua vizuri. Walipowalisha soya iliyopikwa, walikua. Moto unakiharibu kile kizuizi, na hapo unatufaa sana. Kwa hiyo moto mdogo mno ni hasara, na moto mkubwa mno ni hasara. Kazi ya mpishi ni kusimama katikati.

Njia nzuri ya kusimama katikati ni maji. Maji yanayochemka hayapiti joto la digrii 100, hata ukiongeza kuni namna gani. Kaango kavu halina mpaka huo. Chuma kinaendelea kupata joto, na chembe iliyogusa chuma inaungua wakati ile ya juu bado mbichi. Tena, tendo la Maillard hupenda chakula kilicho karibu kukauka kuliko chakula kilicholowa. Basi soya ichaguliwe, ilowekwe usiku, ichemshwe nusu saa katika maji yanayotokota, iondolewe maganda, ianikwe mpaka ikauke kabisa. Hapo kizuizi kimekwisha kuharibika. Kukaanga kunakobaki ni kwa ajili ya harufu tu, na harufu haihitaji moto mwingi. Tumia moto mdogo, koroga kwa mwiko bila kuacha, na ipua inapoanza kuwa ya rangi ya dhahabu. Usingoje kahawia. Rangi ni shahidi anayechelewa: laisini huanza kushikwa kabla jicho halijaona kitu.

Mahindi na soya visikaangwe pamoja, maana punje si sawa kwa ukubwa, na moja itaungua ikingoja nyingine. Karanga zichaguliwe sana, na zile zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe mbali, wala zisipewe kuku. Hiyo ni habari ya sumukuvu, nayo ina somo lake.

Wengine wenu hutengeneza kimea cha ulezi au cha mtama ili uji uwe mwepesi. Ni desturi nzuri. Lakini jueni kwamba nafaka ikichipua, wanga wake hugeuka sukari, na sukari hiyo ni ya aina yenye mdomo wazi. Kwa hiyo kimea hugeuka kahawia upesi kuliko nafaka ya kawaida. Kikaushwe juani, na kama ni lazima kipate moto, uwe mdogo sana.

Maziwa ya unga yana laktosi na protini pamoja, kulabu na mdomo katika kopo moja. Hata kiwandani wanapaswa kuangalia: maziwa yaliyokaushwa juu ya mapipa ya chuma yenye moto hupoteza laisini nyingi kuliko yale yanayonyunyizwa katika hewa ya moto yakakauka mara moja. Na kopo likikaa wazi mahali pa joto na unyevu, tendo linaendelea polepole humo humo. Kwa hiyo usichanganye maziwa ya unga na nafaka kisha ukakaanga pamoja, kama nilivyoona mahali pamoja. Tia maziwa wakati uji umeiva. Sukari ya dukani, ile ya miwa, ina midomo miwili iliyofungana yenyewe kwa yenyewe, basi ina upole zaidi. Lakini moto na uchachu huitenganisha, ikafanana na nyingine. Nayo itiwe mwisho.

Niseme pia habari ya samaki, maana wasikilizaji wa kandokando ya maziwa makuu wataniuliza. Kabonili haimo katika sukari tu. Moshi wa kuni nao umebeba vitu vyenye mdomo ule ule. Mmoja wao ni ule unaotiwa katika maji yakaitwa formalini, dawa inayohifadhi viungo vya maiti hospitalini visioze. Kwa nini havioze? Kwa sababu protini zake zimefungwa, na mikasi ya vijidudu haiwezi kuzikata. Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini walifukizia moshi ngozi za paa ili zidumu, na siri ilikuwa ile ile. Rangi nzuri ya samaki wa kubanikwa nayo hutoka hapo. Mafuta ya samaki yakiharibika kwa hewa na jua, hutoa tena midomo ya namna hiyo, pamoja na ile harufu inayokera koo. Lakini msimwogope samaki wa moshi. Hasara iko zaidi juu juu, na nyama ya ndani bado ni chakula bora, chenye laisini nyingi kuliko nafaka yo yote. Mimi mwenyewe sitamwacha. Ila samaki aliyekauka kama kuni, mweusi mpaka katikati, au dagaa waliokaa muda mrefu juani mpaka wamekuwa wa manjano na wakali, hao wasisagwe kuwa unga wa mtoto.

Mtu mzima anayekula ugali kwa maharage, leo samaki, kesho nyama, hana haja ya kuhesabu laisini katika ganda la mkate. Ganda la mkate lina laisini kidogo kuliko ndani yake, ni kweli, lakini yeye ataipata kwingine. Aendelee kula mahindi yake ya kuchoma kwa furaha. Mtoto aliyetimiza miezi sita, ambaye baada ya ziwa la mama yake hana kitu kingine ila kikombe kile cha uji asubuhi na jioni, huyo ndiye asiye na kwingine. Tumbo lake ni dogo. Hawezi kula mara mbili ili kufidia kilichoungua.

Mnataka kujua mambo yaliishaje katika darasa lile. Niliporudi na kuwaambia kwamba nilikosea, hawakufurahi. Mmoja alisema, "Wateja wamekwisha zoea harufu. Tukipunguza moto watakwenda kwa wengine." Hakusema uongo. Tulijadiliana mchana kutwa. Mwishoni waliamua kukaanga karanga peke yake kidogo zaidi, kwa kuwa zilikuwa chache katika unga ule na hazikutegemewa kwa laisini, ili ziendelee kuleta harufu, na soya ichemshwe na kubaki hafifu. Bibi yule mzee ndiye aliyetoa shauri hilo. Wateja wachache waliondoka kweli. Wengi walibaki.

Sasa kazi ya darasa. Juma lijalo kila kikundi kilete unga wake wa uji katika kijiko kimoja, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wenu: ni nafaka gani, ilichemshwa au haikuchemshwa, ilikaangwa kwa muda gani. Pangeni vijiko juu ya meza kuanzia hafifu mpaka cheusi, kisha someni karatasi kwa sauti. Walimu, msiwaambie mapema ni upi ulio bora. Waacheni wabishane.

Wasikilizaji, kwaherini mpaka juma lijalo, siku hii na saa hii hii.